Unataka Kupanda Farasi? Anza na Longi, Msupa: Jinsi ya Kushuka kwa Tandiko Bila Kutembea Kama Bata

Manze, kupanda farasi inakaa rahisi ukiwa chini. Unaona msupa ako huko juu, mgongo umenyooka, vumbi inapigwa nyuma yake, unajiambia hiyo picha lazima na mimi nipate. Unalipia lisaa limoja, unavaa ile jinzi yako inakushika fiti, unaenda. Picha zinatoka moto. Kesho yake asubuhi ndio maneno inaanza. Mapaja yamewaka kwa ndani, huwezi kufunga miguu, ngazi za ploti unashuka kando kando kama kaa, na kwa mat unatamani kusimama hadi tao juu kukaa imekuwa kesi.

Madem wengi wakifika hapo huamua farasi si ya watu wetu, ni mambo ya mababi wa Karen. Wanaacha. Na hapo ndio inauma, juu farasi hakuwa na makosa. Longi ndio ilikuwa na makosa. Uwe unaenda kujifunza Karen, kutembezwa Naivasha, kupiga raundi kwa mchanga wa Diani, ama umepata kibarua cha saisi kwa mabanda ya farasi, kitu ya kwanza ya kupanga ni nini utavaa kutoka kiunoni kwenda chini. Wacha tuivunje polepole.

Kwanza, ni nini inakuchuna huko chini?

Farasi akitembea tu, utaona ni kama uko kwa kiti cha kubembea. Shida huja akianza kutroti, ule mwendo wa kukimbia kidogo kidogo. Kwa troti, miguu yake inagusa chini kwa jozi: wa mbele kulia na wa nyuma kushoto pamoja, halafu hiyo ingine. Kila jozi ikipiga chini, wewe unarushwa juu. Ndio maana mwalimu atakufunza kuinuka na kukaa, kuinuka na kukaa, ukifuata hiyo midundo.

Sasa piga hesabu. Kwa dakika moja ya troti umeinuka na kukaa mara kadhaa wa kadhaa. Kila mara, ndani ya paja inasugua ngozi ya tandiko, goti linasugua, na kigimbi kinagongana na ule mkanda wa ngozi unaoshikilia rikabu, yaani ile chuma unawekanga mguu. Weka jasho hapo ndani, halafu weka na mshono mnene wa longi. Hiyo ni msasa, si nguo.

Kwa hivyo adui zako ni watatu: mshono, kitambaa kilicholegea kikakunjana, na jasho. Longi yoyote unachagua, iulize maswali kuhusu hao watatu. Ikifeli moja, rudisha kwa hanga.

Mbona jinzi ni noma?

Geuza jinzi yako ndani nje uangalie ule mshono wa katikati ya mapaja. Kitambaa kimekunjwa tabaka juu ya tabaka na kushonwa mara mbili ndio kisiachane. Hapo kwa njia panda, mishono minne inakutana mahali pamoja. Na hapo ndio utakalia. Ukiongeza ya kwamba denimu ngumu hainyooki, utaona shida hata kabla ujapanda: kupanda farasi unaweka mguu wa kushoto kwa rikabu ikiwa juu karibu na kiuno, halafu unajirusha. Jinzi ya kubana itakukatalia hapo hapo, ama ipasuke mbele ya watu.

Najua utauliza: sasa macowboy wa Marekani? Si wao huvaa jinzi kutoka asubuhi hadi jioni? Ndio, lakini cheki vitu mbili. Tandiko lao ni tofauti, lina kipande kipana cha ngozi kando kinachofunika mguu, kwa hivyo kigimbi hakigusani na mkanda mwembamba. Na jinzi zao zilitengenezwa na hiyo akili. Wrangler walipotoa jinzi yao ya cowboy mwaka wa 1947, walichukua fundi aliyekuwa akishonea watu wa rodeo, akaitwa Rodeo Ben, na hata zile vifungo vya shaba zilifanywa bapa zisikwaruze tandiko. Hiyo jinzi yako ya kuchanika magoti haikufikiriwa hivyo. Na huku kwetu, mahali pengi utaenda utapata tandiko la mtindo wa Kiingereza, ile dogo, nyepesi, na mkanda mwembamba wa rikabu.

Jodpa, brichi na taiti: usichanganyikiwe

Ukianza kutafuta nguo za farasi utakutana na majina matatu.

Jodpa ni longi inayoshuka hadi kwa kifundo cha mguu, inavaliwa na buti fupi. Hii ndio ya watu wanaoanza, na ndio rahisi kupata. Jina limetoka mji wa Jodhpur, huko Rajasthan, India. Mwaka wa 1897 Sir Pratap Singh wa Jodhpur alienda Uingereza kwa sherehe za Malkia Victoria, akiwa na timu yake ya polo, na wazungu wakapenda zile suruali zao: pana kama puto kwa nyonga, halafu zinabana kutoka goti kushuka. Huo upana haukuwa luku tu. Siku hizo kitambaa cha kunyooka hakikuwa, so nafasi ya kuinua mguu ilibidi ikatwe kwa nguo yenyewe. Ni hadi 1958, wakati spandeksi ilivumbuliwa kwa kampuni ya DuPont huko Marekani, ndio nguo ikaanza kunyooka na mwili, na hayo maputo yakapotea pole pole.

Brichi ni fupi kidogo, inaishia katikati ya kigimbi, na huvaliwa ndani ya buti ndefu zinazofika goti. Ukivaa brichi na sneakers utabaki na shini nje na mkanda wa rikabu utakula hiyo ngozi bila huruma.

Taiti za kupanda ni kama taiti za gym, lakini zimeongezwa vitu: viraka vya kushika kwa magoti ama kwa makalio, kitambaa kizito kidogo, na mfuko wa simu kwa paja. Hazina zipu, hazina vifungo, na kwa joto ya Pwani ndio zinabamba zaidi.

Vitu sita vya kucheki kabla utoe doo

1. *Mshono wa ndani.* Pitisha kidole kutoka njia panda hadi goti. Ukihisi uvimbe kama kamba, wacha. Longi poa imeshonwa bapa, ama mshono umesukumwa mbele au nyuma ya paja mahali haikutani na tandiko. Zingine ziko na kipande cha umbo la almasi hapo katikati, ndio mishono isikutane mahali pamoja. Hiyo ukipata, shika na mikono miwili.

2. *Kiuno.* Chagua kiuno kirefu, kinachofika karibu na kitovu, na mkanda mpana. Ukiinama mbele kwa farasi, longi ya kiuno kifupi inateremka na kila mtu nyuma yako anaona historia yako yote. Kiuno kirefu pia hakikunji tumbo ukikaa.

3. *Kunyooka.* Inapaswa inyooke pande zote, juu-chini na kushoto-kulia. Fanya testi: chuchumaa hadi chini, halafu weka mguu mmoja juu ya kiti kama unapanda rikabu. Ikivuta kwa goti ama ikishuka nyuma, sio yako. Ukichuchumaa kwa mwangaza na chupi inaonekana rangi, pia hiyo rudisha.

4. *Uzito wa kitambaa.* Nyembamba sana inakunjana na kuacha mikunjo nyuma ya goti, na mkunjo ukikaa lisaa limoja unakuwa kidonda. Nzito sana inakupika. Mchanganyiko wa pamba au naironi na spandeksi kidogo unafanya kazi. Pamba tupu inanyonya jasho na kukaa na hiyo maji, so kwa safari ndefu inaanza kusugua.

5. *Viraka.* Kiraka cha goti kinakusaidia kushika tandiko bila kubana sana. Kuna longi ingine imewekwa kiraka ama silikoni kutoka goti hadi makalio yote. Hiyo inashika sana, na kama bado unajifunza kuinuka na kukaa, inaweza kukuzuia kusonga vile unataka. Anza na ya magoti tu.

6. *Saizi.* Vaa inayokaa karibu na ngozi kila mahali bila kuacha alama. Usinunue ndogo eti itanyooka. Madem wenye mapaja makubwa na kiuno chembamba, chagua saizi ya mapaja kwanza, kiuno fundi atarekebisha. Paja likibanwa damu haipiti poa na mguu unalala ukiwa juu ya farasi. Na ukiwa plus saizi, hii mambo ya kusugua ni yako zaidi kuliko ya mwingine yeyote, so usikubali mtu akuuzie ndogo juu "ndio imebaki".

Ya ndani ndio siri yenyewe

Unaweza toa pesa mingi kwa longi na bado uumie juu ya chupi. Lesi, kamba, na zile za mshono mnene pembeni, wacha nyumbani. Vaa chupi isiyo na mshono, ya kufunika makalio yote, na sehemu ya katikati iwe pamba. Wengi huongeza baika ya kubana juu yake, ile inafika katikati ya paja. Inafanya kazi poa: nguo inasugua nguo, ngozi yako inakaa kando. Hakikisha tu mshono wa chini wa baika hauishii mahali goti linashika tandiko.

Zile kaptula za baiskeli zenye sponji pia zinavaliwa, hasa kama unapanda masaa mengi. Lakini sponji ikiwa nene sana inakuinua kwa tandiko na utajihisi ni kama umekalia mto. Chukua nyembamba.

Siku za mwezi? Hakuna sheria inasema ukae nyumbani. Pedi nene na mabawa yake ndio inasumbua, juu inajikunja na kuchuna. Pedi nyembamba, tamponi ama kikombe cha hedhi inakupa uhuru zaidi, na longi ya rangi nyeusi, bluu ya giza ama kahawia inakutoa wasiwasi. Zile nyeupe unaonanga kwa mashindano ni za siku ya mashindano.

Ukimaliza, usibaki na hizo nguo ukipiga stori hadi jioni. Jasho, joto na nguo ya kubana ndio fangasi hupenda. Badilisha chupi, oga, jikaushe. Kabla ya kupanda, paka mafuta ya mgando ndani ya mapaja. Ndiyo, hata ile jeli ya kukamulia ng'ombe kila mtu ako nayo kwa nyumba. Kidogo tu, juu ikiwa mingi itaingia kwa kitambaa na utaanza kuteleza.

Usisahau chini: soksi na kiatu

Soksi fupi ya kuishia kwa kifundo itakuangusha. Chukua ndefu, ya kufika chini ya goti, nyembamba, isiyo na mshono mkubwa kwa vidole. Ukivaa jodpa na buti fupi, ongeza chapsi fupi, zile za ngozi zinazofungwa kwa kigimbi na zipu. Ndizo zinazuia mkanda wa rikabu kukuchuna.

Kiatu hapa si ya luku, ni ya kukuweka hai. Kinapaswa kuwa na kisigino kifupi cha kama sentimita 2.5 na soli isiyo na meno makubwa. Kisigino kinazuia mguu kupenya hadi upande ule mwingine wa rikabu. Mguu ukipenya na uanguke, farasi anaweza kukuburuta. Ndio maana sneakers za soli bapa, sandozi na crocs ni hapana kubwa. Gambuti zina soli ya meno na ni pana, zinaweza kukwama. Buti za Chelsea za ngozi ndio jibu la bei ya chini, juu umbo lake ni karibu sawa na buti za jodpa. Ukiweka mguu kwa rikabu, hakikisha pande zote mbili zimebaki na nafasi ya kama sentimita moja. Na helmeti? Hiyo usiulize, ivae.

"Lakini kwetu wanawake hawavai longi"

Hii ni kesi ya ukweli kwa madem wengi, iwe ni dini ama ni mambo ya nyumbani. Lakini usipande na sketi ndefu ama dera peke yake. Historia ishatupea jibu. Zamani Ulaya wanawake walilazimishwa kukaa upande mmoja wa farasi, miguu yote kushoto, na sketi refu zinafagia chini, eti kukaa na miguu pande mbili si heshima. Mtu akianguka, sketi ilikuwa inanaswa kwa pembe za tandiko na anaburutwa na farasi. Kuanzia miaka ya 1870 hivi ikabidi mafundi waanze kushona sketi za usalama, zinazofunguka zenyewe mtu akianguka. Hiyo ndio bei ya heshima ya kulazimishwa.

Kwa Olimpiki, wanawake hawakuruhusiwa kushindana na farasi hadi Helsinki, 1952. Mwaka huo huo Lis Hartel wa Denmark, aliyekuwa amepooza chini ya magoti sababu ya polio, akabeba medali ya fedha akishindana na wanaume. Hadi leo huo ni mchezo ambapo wanaume na wanawake wanashindana pamoja bila kutenganishwa.

So ukitaka kujistiri, vaa jodpa ama taiti ndani, juu yake kanzu fupi ya kufika magotini, iliyopasuliwa pande zote mbili hadi kwa nyonga. Ukikaa, kitambaa kinaanguka kila upande bila kukaliwa na bila kunasa. Mtandio ufungwe ndani ya koti, usining'inie.

Doo ni kidogo? Mtumba iko

Kwa duka za vifaa vya farasi bei inaweza kukutoa machozi. Lakini Toi na Gikomba huwa zinashusha vitu. Enda asubuhi mapema belo za taiti na nguo za michezo zikifunguliwa, upate kamera kabla ibaki ya fagia. Tafuta longi yenye kiraka cha goti kwa upande wa ndani. Muuzaji mwenyewe saa zingine hajui ni ya nini, atakuambia ni taiti imewekwa viraka, na hapo ndio unabishana bei ukiwa umekaza uso. Nyoosha kitambaa: kikibaki kimelegea bila kurudi, spandeksi imekufa, hata ikiwa na lebo ya Ulaya.

Ukikosa, nunua taiti nzito ya gym, peleka kwa fundi wa mtaa akuwekee kiraka cha ngozi laini ndani ya magoti. Mwambie ashone zigizaga, juu mshono wa kunyooka moja kwa moja utakatika ukikunja goti. Hapo umejipatia jodpa ya mtaani.

Kufua: maji baridi, sabuni kidogo, ndani nje, anika kivulini. Wacha zile dawa za kulainisha nguo, zinaua mpira na kufanya silikoni iteleze.

Kama ni kazi, hii ni haki yako

Kuna madem wanaingia usaisi, wanapanda farasi wa mazoezi alfajiri na kuosha mabanda mchana. Kwako wewe longi mbaya si picha imeharibika, ni siku za kazi umekosa. Kuwa na longi mbili za kubadilishana, ile ya jana ikauke vizuri. Kwa kuosha mabanda, Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri akupe mavazi ya kinga, viatu na glavu zikiwemo, pale kazi inakuweka kwa maji na vitu vya kudhuru. Longi ya kupanda haijatajwa kwa jina, so iulize siku ya kwanza, kabla uweke sahihi: nani ananunua longi, buti na helmeti? Ukiuliza mapema inaitwa kujipanga. Ukiuliza ukiwa na vidonda inaitwa kulalamika.

Umeshachunika tayari?

Osha na maji ya uvuguvugu na sabuni isiyo na marashi, kausha kwa kupapasa, usisugue. Paka mafuta ya mgando, vaa kitu cha pamba kilicholegea, na usipande hadi ngozi ifunge. Spiriti na dawa ya meno ziwache, zitakuchoma bure. Ukiona usaha, uvimbe unaoongezeka ama joto mwilini, enda hospitali, usione haya. Wameona makubwa kuliko hayo.

Halafu kabla siku ya kupanda ifike, vaa kila kitu nyumbani: chupi, baika, longi, soksi, buti. Kalia mkono wa kochi miguu pande mbili, inuka na ukae mara hamsini. Mahali patakuwasha hapo kwa kochi ndipo patakuwa kidonda kwa farasi. Rekebisha hapo kwanza, ndio uende.